Bluu Ndiyo Hutangulia

Mimi ni mchoraji wa Tingatinga, na picha yangu haianzi na tembo wala twiga. Inaanza na bluu. Nikishawamba kitambaa cha marekani kwenye fremu na kukipaka nyeupe ya msingi, nafungua kopo la rangi ya mafuta, ile ile ya kupakia milango na mageti. Juu naweka bluu iliyokolea, chini nyeupe, kisha kwa brashi pana naburura kushoto na kulia hadi mpaka kati ya rangi hizo mbili upotee kabisa. Hapo mkono hautakiwi kusitasita. Kwa joto la Dar es Salaam rangi hushika upesi, na ikishaanza kushika, kila mguso unaacha mchirizi.

Wateja wengi huagiza machweo, wakitaka anga jekundu na la chungwa. Nawachorea. Lakini rangi hizo humsogelea mtazamaji, wakati bluu hurudi nyuma na kumwachia mnyama nafasi. Twiga wa manjano mbele ya bluu anatoka waziwazi. Mbele ya chungwa, anamezwa.

Zamani Ulaya bluu bora ilisagwa kutoka jiwe la lapis lazuli, lililochimbwa Badakhshan, Afghanistan. Ilikuwa ghali mno, hata wachoraji wakaitunzia vazi la Bikira Maria. Sisi tuliomfuata Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza mwaka 1968 kuchora kwenye hadibodi kwa rangi za dukani, bluu yetu ni ya kopo. Kwa hiyo tunaitandaza nyuma ya kila kiumbe, fisi kwa simba, bila kumbagua yeyote. Mimi naiona hiyo ni heshima kubwa kuliko ile ya vazi.

Kuna mmoja tu ninayemvisha bluu mwenyewe: kanga. Ndege huyu kweli ana ngozi ya bluu kichwani na shingoni, juu ya mwili mweusi wenye madoa meupe. Shingo naichanganyia nyeupe na kijani kidogo sana, isije ikazama kwenye anga lililo nyuma yake. Madoa nayadonoa mwishoni, kwa ncha ya njiti.

Vijana wanaokuja kujifunza hutaka kuanza na hayo madoa, maana ndiyo yanayosifiwa. Nawakabidhi brashi pana. Wanapaka anga, nakagua michirizi, wanapaka tena.