Jina la Babu Mzaa Baba

Mkewe alipobakiza mwezi mmoja kujifungua, seremala mmoja wa Kianyaga, chini ya Mlima Kenya, alianza kukosa usingizi. Hakusumbuliwa na gharama za hospitali. Iwapo mtoto angekuwa wa kiume, angepewa jina la nani?

Kwa Mgikuyu wa Gichugu hilo halipaswi kuwa swali. Mwana wa kwanza hupewa jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama. Binti wa kwanza humrithi nyanya mzaa baba, wa pili nyanya mzaa mama. Wanaofuata huchukua majina ya ndugu za wazazi. Hivyo basi, anayewajua watoto wa nyumba moja kwa mpangilio wa kuzaliwa kwao amekwisha kuwajua wazazi wa wazazi wao, pasi na kufungua daftari lolote. Hata mauti yana nafasi humo: Kariuki ni aliyefufuka, Njoki ni aliyerudi. Kiswahili huwaita watu wawili wenye jina moja masomo; bibi kizee wa Kianyaga, anayemwita mjukuu wake “mume wangu”, angesema hao si wawili.

Wafaransa waliolowea Kanada, tangu Quebec ilipoanzishwa mwaka 1608, walishika njia nyingine. Aghalabu kasisi aliwaandika wavulana Joseph na wasichana Marie, akaongeza jina la msimamizi wa ubatizo, kisha lile la kuitwa nyumbani. Ukoo ulifuatwa kwa ubini, na wengi walikuwa na ubini wa pili uliounganishwa na neno dit, yaani “aitwaye”. Wazawa wao hadi leo huwasaka mababu katika daftari za parokia. Utaratibu wa Kigikuyu hauhitaji kasisi wala wino. Unahitaji jambo moja tu: baba ajulikane.

Seremala yule alizaliwa nyumbani kwa wazazi wa mama yake, mahari haikutolewa, akapewa jina la babu mzaa mama. Mama yake humwita “baba” kwa mapenzi, kama ilivyo ada. Lakini jina hilohilo la heshima lilikuwa pia tangazo. Mzee yeyote aliyemuuliza jina, kisha akauliza yeye ni mtoto wa ngapi, alinyamaza kidogo kabla ya kuendelea na mazungumzo. Cheti cha kuzaliwa nacho hakikumfaa. Kifungu cha 12 cha Sheria ya Usajili wa Vizazi na Vifo hakikuruhusu jina la baba asiyemwoa mama liandikwe ila kwa ombi la wote wawili. Mahakama Kuu, kwa uamuzi wa Jaji Mumbi Ngugi, ilikibatilisha mwaka 2016. Seremala alikuwa mtu mzima tayari, na nafasi ya baba katika cheti chake ilikuwa tupu.

Wazee walimshauri alirudie jina la babu mzaa mama. Shauri jema, ila mwana angekuwa somo wa babaye mwenyewe, na pengo lingesogea kizazi kimoja mbele.

Akamwendea mama yake shambani, akachukua kikapu, akachuma naye kahawa hadi mstari ukaisha.

“Mama, naomba jina moja tu.”

“Baba,” alijibu mama, “mbona unataka kumwita mtu ambaye hakuwahi kukuita?”

Seremala hakuwa na jibu. Wakaanza mstari wa pili. Walipofika katikati, mama alilitaja jina mara moja, kwa sauti ya mtu anayetaja deni, kisha akamwuliza kama mkewe anakula vizuri.

Mtoto alizaliwa wa kike. Binti wa kwanza humrithi nyanya mzaa baba, na hapo hapakuwa na la kuuliza: mama yake seremala alimpokea somo wake, akamkagua vidole, akalalamika kwamba pua si yake.

Jina lile la shambani halijaandikwa popote. Mkewe ni mjamzito tena, miezi mitano sasa.