Waya wa Mafuta Nilioukaza Vibaya



Mimi ni bwana shamba. Kazi yangu ni mihogo na mpunga. Lakini vijiji ninavyovihudumia viko Ukerewe, ndani ya Ziwa Victoria. Mashamba mengine tunayafikia kwa mtumbwi wa mashine. Leo nataka kukueleza kosa langu, ili wewe usilifanye.

Mwaka 2014 mashine yetu ilipungua mwendo. Nilichukua spana, nikaukaza waya wa mafuta. Waya huu unatoka kwenye mpini wa usukani mpaka kwenye kabureta. Ukizungusha mpini, waya huvuta na mafuta huongezeka. Siku ile mashine ilikwenda kasi kidogo. Nilijisifu.

Kesho yake tulikaribia ufukoni. Mtoto mmoja alisimama majini, akingoja kupokea kamba. Nilirudisha mpini mpaka mwisho. Mashine haikupunguza mwendo! Waya ulikuwa umekazwa mno, kabureta haikufunga. Nilijaribu kutia gia ya nyuma. Gia ililia, ikakataa kuingia. Mzee mmoja alimvuta mtoto mkono. Mtumbwi ulipita pale pale alipokuwa amesimama, na pangaboi likizunguka. Niliizima mashine huku nikitetemeka.

Jioni fundi aliikagua. Mwendo ulipungua kwa sababu plagi zilikuwa chafu. Waya haukuwa na kosa lolote. Kisha alinifundisha kurekebisha hivi:

1. Zima mashine. Chomoa kofia za plagi, isije ikawaka.

2. Anza na gia. Weka gia kati. Zungusha pangaboi kwa mkono. Lazima lizunguke bure. Halafu tia gia ya mbele huku ukilizungusha polepole. Lazima lishike. Jaribu na gia ya nyuma vile vile. Kama sivyo, legeza nati ya fimbo ya gia, rekebisha, kisha kaza tena.

3. Sasa tazama waya wa mafuta. Rudisha mpini mpaka mwisho. Mkono mdogo wa kabureta lazima ufunge kabisa. Waya ubaki umelegea kidogo. Kisha zungusha mpini wote. Kabureta nayo ifunguke yote.

4. Geuza usukani kushoto na kulia. Mkono wa kabureta ukisogea wenyewe, waya umekazwa mno. Ulegeze.

5. Rudisha kofia za plagi. Jaribu mashine ndani ya maji, mtumbwi ukiwa umefungwa na watu wakiwa mbali. Usiiwashe nchi kavu, maana maji ya ziwa ndiyo yanayoipoza.

Ukiwa safarini, funga mkononi kamba ya kuzimia mashine. Badili gia mashine ikiwa inanguruma polepole tu. Itie mara moja, bila kusitasita. Ukiitia kwa kusitasita, meno ya gia yatalika.

Ndugu yangu, mashine ikipungua mwendo, usikimbilie kukaza waya. Tafuta kwanza sababu. Kama hujui, mwite fundi. Si aibu.

Yule mtoto leo ni kijana mvuvi. Kila nikimwona akisukuma mtumbwi wake, naikumbuka spana ile. Kabla hujatoka ufukoni, hakikisha mashine yako inarudi polepole. Mashine isiyorudi polepole usiipande.