Koti la Mwindaji Asiyewinda

Mjomba wangu hakuwahi kumiliki koti la mvua. Mvua ikimkuta njiani kati ya Gihosha, mtaa wetu wa Bujumbura, na shamba lake huko juu milimani Mirwa, alikata jani la mgomba, akajifunika kichwa na kuendelea na safari huku mgongo unalowa na hadithi haikatiki. Nilipomuuliza kwa nini hanunui koti kama watu wa mjini, alinijibu kwamba ngozi hukauka kabla ya nguo. Ujanani alifuatana na wawindaji wa milimani, wale waliokwenda na mbwa waliofungwa kengele shingoni, na kwa wawindaji wale mvua ilikuwa ya kusubiriwa tu. Inafuta nyayo, inaua harufu, mbwa wanazunguka bila kujua pa kwenda. Basi walijibanza chini ya mti au katika kibanda cha mchungaji, wakavuta kiko hadi mvua ikatike.

Mimi sikupata nafasi ya kusubiri. Msitu wa Kibira, ambao zamani wafalme wa Burundi waliuhifadhi kwa ajili ya kuwinda, ulifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1980, na enzi za akina mjomba zikaishia hapo. Nilipopata kazi ya kuwasindikiza watafiti wa nyani na kung'oa mitego ya waya ambayo majangili bado waliitega, tulitembea kama wawindaji, kwa saa nyingi, kimyakimya, tukipanda na kushuka, ila tulitembea hata mvua inaponyesha. Tofauti hiyo ndiyo iliyonifanya niyatazame makoti ya mvua kwa jicho la mnunuzi mgumu.

Utotoni mwangu pale Gihosha tulikuwa na gunia tu. Unasukuma kona moja ya chini iingie ndani ya nyingine, inakuwa kofia ndefu inayofika mgongoni, unakimbia shuleni. Baada ya 1993, vita vilipowatoa watu majumbani, yalienea maturubai ya misaada, na vipande vyake vikashonwa kuwa majoho ya mvua. Yalikuwa mazito, yakikunjwa yanapasuka kwenye mkunjo, lakini upepo ulipita chini yake na mtu hakutokwa jasho sana. Kisha zikaja suti za plastiki za waendesha pikipiki, koti na suruali, bei nafuu, rangi ya bluu au kijani. Hizo ndizo nilizoanza nazo kazi msituni.

Plastiki hairuhusu tone kuingia, na hairuhusu jasho kutoka. Na kazi yangu ilikuwa ya kupanda: Bujumbura iko kwenye mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari. Ukipanda barabara ya RN1 hadi Bugarama unavuka mita 2,200, na ukungu unakulaki. Watazame vijana wa baiskeli kwenye barabara ile, wanaopanda kwa kushikilia malori na kushuka wakiwa wamebeba ndizi na makaa. Wakati wa kupanda hawavai chochote cha mvua. Wanavaa juu, kabla ya kushuka, upepo unapoanza kuuma. Wanajua bila kufundishwa kwamba adui wa mtu anayefanya kazi mlimani ni jasho linalopoa mwilini akishasimama. Ndani ya ile suti yangu, nikipanda kilima cha Teza, nilikuwa nalowa sawasawa na mjomba, tena nikinuka.

Koti lililobadilisha mambo nililipata katika mitumba, kwenye soko la Kotebu, ndani ya rundo ambalo hakuna aliyelitaka. Lilikuwa koti la mwindaji wa Ulaya au Marekani, lenye mifuko mikubwa na picha za majani na matawi. Sababu ya kudoda inaeleweka: mjini kwetu, nguo yenye madoadoa yanayofanana na ya kijeshi ni kujitafutia maswali kwenye kizuizi. Nililinunua kwa bei ya shati, nikampelekea fundi rangi akalitia nyeusi. Majani bado yanaonekana kidogo ukilisogelea.

Ndani yake kuna utando mwembamba wa jamii ya Teflon, ile inayopakwa kwenye vikaango. Mwaka 1969, huko Marekani, Bob Gore alivuta kwa nguvu na kwa ghafla kijiti cha plastiki hiyo kikiwa cha moto, nacho badala ya kukatika kikarefuka na kujaa vitundu visivyoonekana kwa macho. Tone la maji ni kubwa mno kupita humo, lakini mvuke wa jasho unapita. Hapo ndipo wauzaji huwa wanaishia. Mvuke haupiti kwa hiari yake: unasukumwa na tofauti kati ya ndani palipo na joto na unyevu, na nje palipo na baridi. Kibira tofauti hiyo ipo. Gihosha mwezi wa Aprili, joto likiwa la mvuke kabla hata mvua haijaanguka, haipo, na koti la bei kubwa linageuka plastiki kama nyingine. Ndiyo maana nauamini utando nusunusu, na zipu za kwapani nazithamini kuliko jina lililoandikwa kifuani.

Sokoni sasa nina desturi yangu. Nalipindua koti kwanza. Utepe uliobandikwa juu ya mishono ukiwa umebanduka mabegani, naliacha. Makoti yasiyo na utando, yenye tabaka la ndani lililopakwa tu, huoza kwa joto na unyevu: yananata, yanapukutika unga mweupe, yana harufu chachu, na hapo hakuna fundi wa kukusaidia. Kisha nakisugua kitambaa karibu na sikio. Kikilia karakara, nyani watakusikia kabla hujawaona. Wawindaji wa kweli hulipia zaidi kitambaa laini kisicho na kelele, nao wana haki.

Kulitunza ni kazi ya kumwomba mke wangu asinisaidie. Halipigwi juu ya jiwe, halilowekwi kwenye sabuni kali. Maji yakianza kukilowesha kitambaa cha nje badala ya kuteleza, jasho halitoki tena hata kama utando ni mzima. Basi nalifua kwa sabuni kidogo, nalisuuza mara nyingi, nalikausha, kisha napitisha pasi ya makaa yenye joto dogo juu ya khanga niliyotandaza. Matone yanaanza kuteleza tena.

Mpwa wangu anaendesha pikipiki hapa Gihosha, akishusha abiria pembeni mwa mji tangu pikipiki zilipokatazwa kuingia katikati mwezi wa Machi 2022. Yeye bado anavaa plastiki nzito, na sijamshawishi abadili, kwa sababu mtu aliyekaa kwenye pikipiki hatokwi jasho, anapigwa na upepo tu. Juzi alikuja kuazima koti langu, si kwa ajili yake, bali amvalishe abiria anayekaa nyuma mvua ikinyesha. Nimemwambia alete kwanza la kwake la plastiki liwe rehani.