Umetumwa na Nani?

Mtu anayebisha hodi katika maboma ya Kaaga akiwa na daftari mkononi na hana bahasha mfukoni hukaribishwa kwa maswali mawili. La kwanza: umetumwa na nani? La pili hufuata kabla la kwanza halijajibiwa: na amekupa ngapi? Waama, maswali haya hayatokani na chuki. Ni maswali ya watu walioona mengi. Miaka nenda miaka rudi, wageni wa siasa wamewajia kwa misafara ya magari, wakagawa leso na unga, wakaenda zao, na vumbi la magari hayo likadumu hewani kuliko ahadi zao.

Kijana ambaye habari zake zinasimuliwa hapa aliulizwa hivyo mara zisizohesabika mwanzoni mwa mwaka 2022. Alikuwa mzaliwa wa papo hapo Kaaga, viungani mwa mji wa Meru, mahali ambapo Wamethodisti walijenga misheni, shule na hatimaye chuo kikuu kilichopata hati yake mwaka 2006. Hakuwa mtoto wa mwanasiasa, wala hakuota kuwa mwanasiasa. Kilichomtoa nyumbani ni ghadhabu. Fomu yake ya basari ilipotea mara 2 katika ofisi moja. Mara ya 3 akaambiwa kuwa tarehe imepita. Bomba lililopita mbele ya kwao lilikuwa na mita na bili, ila maji halikuwa nayo. Hasira ya namna hii haina kishindo. Humwingia mtu polepole kama unyevu unavyopanda ukutani. Shuleni alikuwa amefundishwa kwamba neno serikali lina asili ya Kiajemi. Mitaani akajifunza kwamba wananchi wamelichambua upya, wakapata siri kali. Alicheka kama wengine. Siku moja kicheko hicho kikamkinai.

Akajitolea kumfanyia kampeni mgombea huru wa kiti cha mwakilishi wa wadi. Hapo zamani jambo hilo lingekuwa muhali. Kabla ya Katiba ya 2010, asiyeteuliwa na chama hakuruhusiwa kugombea ubunge wala udiwani. Na wazee wa Meru wangali wanaukumbuka mlolongo wa 1988, pale wapigakura walipojipanga hadharani nyuma ya wagombea, na milolongo mirefu ikashindwa na mifupi. Katiba mpya ilifungua mlango, lakini ikauwekea kizingiti: mgombea huru wa wadi sharti aungwe mkono na wapigakura wasiopungua 500 wa wadi hiyo. Masharti ya uchaguzi yakaongeza kwamba wanaomuunga mkono wasiwe wanachama wa chama chochote.

Majina 500 ni mengi kwa mtu anayetembea kwa miguu. Nyanya mmoja alimpokea kwa "Muga", akampa kigoda, akamsikiliza hadi mwisho, kisha akatoa kitambulisho bila kuuliza lolote. Kijana alifurahi kupita kiasi. Walipoikagua namba ya kitambulisho kile kwa simu, ilibainika kuwa nyanya ni mwanachama wa chama.

"Mwanangu, chama hiki ni cha nani?"

"Hata mimi sikijui, nyanya."

"Basi chenyewe kilinijuaje?"

Hakuwa peke yake. Mnamo Juni 2021, Wakenya wengi walipofungua tovuti ya serikali walikuta majina yao yameandikishwa katika vyama ambavyo hawakuwahi kujiunga navyo. Watu walighadhibika kwa siku chache, kisha mambo mengine yakazuka. Kwa mtu wa kujitolea, hata hivyo, kila jina la aina hiyo lilikuwa mlima mmoja uliopandwa bure. Ilimbidi arudi boma kwa boma kutafuta jina mbadala.

Wenzake wa rika lake walimwona juha. Wao walikuwa wakilipwa kuhudhuria mikutano, asubuhi ya huyu, alasiri ya yule. Isidhaniwe kwamba walikuwa waovu. Mwaka huo pakiti ya kilo 2 ya unga wa mahindi ilipita shilingi 200, na kupiga makofi hakuhitaji imani. Wengine walikata tamaa kabisa: tume ya uchaguzi ilitangaza kwamba idadi ya vijana waliojiandikisha kupiga kura ilipungua kwa zaidi ya asilimia 5 ikilinganishwa na 2017.

Tarehe 9 Agosti 2022 kijana alishinda kituoni akiwa wakala, akakesha kura zikihesabiwa. Mgombea wake alishindwa. Usiku huohuo, katika kaunti hiyohiyo, kura zilikuwa zikimpa ugavana mgombea mwingine asiye na chama: Kawira Mwangaza, aliyewashinda gavana aliyekuwapo, Kiraitu Murungi, na Mithika Linturi. Kumbe iliwezekana! Lakini aliyeingia ofisini bila chama alilikuta bunge la kaunti lisilo lake. Lilipiga kura ya kumng'oa mara 3. Seneti ikamwokoa mara 2, na Agosti 2024 ikakubali aondolewe. Machi 2025 Mahakama Kuu ilitupilia mbali kesi yake, na naibu wake, Isaac Mutuma, akaapishwa. Wapo wanaosema alijiponza, wapo wanaosema alionewa. Mjadala huo una wenyewe. Kijana yeye alijiuliza jambo dogo zaidi: je, katika kutafuta majina 500, kuna aliyewahi kufikiria siku inayofuata ushindi?

Daftari lilibaki kwake. Kando ya kila jina alikuwa ameandika lalamiko la mwenye jina: daraja, zahanati, maji, maji, maji. Bajeti ya kaunti inapojadiliwa hadharani, kama Katiba inavyotaka, huenda nalo na kulisoma kwa sauti, jambo ambalo maafisa hawalipendi sana. Na alirudi kwa nyanya yule. Alimwandikia barua ya kujiuzulu kutoka chama asichokijua, akamsomea kwa Kimeru, naye nyanya akaitia sahihi kwa kidole gumba, akauliza kama kuna ada ya kutoka mahali ambapo mtu hakuingia.