Kiazi cha Njiani

Baba alipozidiwa, niliomba ruhusa seminarini nikashika njia ya Itigi kwenda nyumbani Rungwa. Ilikuwa Machi, mvua hazikatiki. Usiku, katikati ya pori la akiba, basi likazama kwenye tope. Wenzangu walishuka kusukuma. Mama mmoja akafungua kikapu chake, akatugawia viazi vya kuchemsha. Nilikula changu nikinung'unika.

Nilipofika, baba alikuwa ameshazikwa.

Rungwa ni njia panda: moja huenda Itigi, nyingine Tabora, nyingine Chunya hadi Mbeya. Kwa miaka mingi nilizichukia zote.

Mwaka huu, Jumatatu ya Pasaka, nilitafakari Luka 24. Wale wanafunzi wawili walitembea na Bwana kuelekea Emau wasimjue, wakamtambua alipoumega mkate. Nikamkumbuka yule mama. Hata asante sikumpa, wala uso wake sikuutazama.

Waamini wa kwanza, kabla ya kuitwa Wakristo kule Antiokia, walijulikana kama watu wa Njia. Mimi nilitaka kufika tu. Ndugu msomaji, leo umesafiri na nani?