Hodi Kabla ya Picha

Vijana wa Mji Mkongwe hupenda sana kupiga picha katika usiku wa Ramadhani. Baada ya tarawehe, vichochoro vya Malindi, Kiponda na Mkunazini hujaa watu: watoto katika kanzu zao mpya, wazee barazani na vikombe vya kahawa, na taa ya mlangoni ikimulika upande mmoja wa uso na kuuacha wa pili gizani. Kila mwaka vijana wa msikiti wetu hutujia sisi wanakamati na ombi lile lile, nalo ni kuruhusiwa kupiga picha za darasa, za futari na za wasomaji wa Qur'ani kwa kamera zao ndogo zenye zumu ndefu.

Huwaruhusu kwa masharti. Wakati wa swala hapana picha. Flashi hairuhusiwi, kwa kuwa humkatiza msomaji khushui yake. Na isitoshe nuru yake haifiki mbali, humfanya aliye karibu kuwa mweupe kama chokaa na kuwaacha walio nyuma katika kiza. Stendi nayo hairuhusiwi, maana miguu yake mitatu huwakwaza wanaoingia na kutoka, na miongoni mwao wamo wazee wasioona vizuri. Hubaki mkono wa mpigaji peke yake. Katika kuwasaidia vijana wautumie vyema mkono huo, tumejifunza jambo ambalo tungependa familia zetu zilijue.

Tuanze na mwanga wenyewe. Mwanachuoni Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra na kufariki Cairo karibu na mwaka 1040, alieleza katika Kitab al-Manazir kwamba tunaona kwa sababu mwanga hutoka kwenye vitu ukaingia machoni, wala si kwa jicho kutoa miali yake. Alifanya majaribio katika chumba chenye giza, akiuacha mwanga upenye katika tundu dogo. Kamera ni chumba hicho hicho, na taabu ya kamera ya mfukoni ni kwamba chumba chake ni kidogo mno. Kile kipande kinachopokea mwanga, kilichochukua nafasi ya filamu, kina upana wa takriban milimita 6 na kimo kisichofika milimita 5, ilhali picha ya filamu ya kawaida ilikuwa milimita 36 kwa 24. Eneo lake ni kama sehemu moja ya thelathini tu. Mwanga ukiwa haba, kamera hulazimika kuukuza kwa nguvu, na hapo ndipo picha inapojaa chenga.

Dawa ya chenga ni kuiacha lenzi ipokee mwanga kwa muda mrefu zaidi. Lakini mkono wa mwanadamu hautulii. Wapigapicha wa zamani walikuwa na kanuni yao: lenzi ya milimita 30 haishikiki mkononi chini ya kasi ya sehemu moja ya thelathini ya sekunde, na ya milimita 300 yahitaji sehemu moja ya mia tatu. Kamera nyingi za leo zina kifaa cha kutuliza mtikisiko, na lenzi ikiwa katika upana wake, mtu mtulivu aweza kushuka hadi sehemu moja ya nane ya sekunde na picha ikatoka safi.

Basi huwaambia vijana: egemea nguzo ya msikiti, bana viwiko mbavuni, toa pumzi taratibu, kisha bonyeza pasi na haraka. Ukiona kidole chako ndicho kinachotikisa kamera, iweke ihesabu sekunde mbili ijipige yenyewe. Piga nyingi kwa mfululizo uchague moja. Na mchague aliyetulia, kama mzee aliyeinamia msahafu wake, kwa kuwa kifaa cha kutuliza huutuliza mkono wako wewe tu. Mtoto anayekimbia atatoka kama moshi.

Tunakuja sasa kwenye zumu, ambayo ndiyo inayowafanya vijana wazipende kamera hizi. Tuchukue mfano wa Sony HX90V, inayotosha mfukoni. Lenzi yake huanzia milimita 24 hadi 720, yaani huvuta mara 30. Lakini katika upana wake tundu la lenzi ni f/3.5, na inapovutwa hadi mwisho huwa f/6.4, kiasi kwamba mwanga unaoingia hupungua hadi chini ya theluthi ya ule wa mwanzo. Papo hapo mtikisiko wa mkono nao hukuzwa pamoja na picha. Hivyo kamera huhitaji mwanga mwingi zaidi pale pale inapobakiwa na mwanga mchache zaidi. Mchana wa jua la Forodhani jambo hili halidhuru, lakini usiku, kichochoroni, huiharibu kazi. Anayetaka picha nzuri ya usiku hana budi kuirudisha lenzi mwanzo wake na kusogea kwa miguu yake.

Na kusogea kwa miguu si sawa na kusogea kwa lenzi. Anayekwenda kwa miguu huonekana. Atatoa salamu, ataulizwa habari za nyumbani, ataomba ruhusa, na huenda akakataliwa. Lenzi haipigi hodi.

Mji huu ulijengwa na watu walioijua thamani ya hodi. Baraza liko nje ya nyumba ili mgeni apokewe bila ya kuingia ndani. Nyumba nyingi zina ua katikati, ambamo wanawake na watoto hukaa wasionekane na mpita njia. Yote hayo ni sitara, nayo haikuanza kwetu. Surat An-Nur imewaamrisha waumini wasiingie nyumba za wenzao mpaka waombe idhini na kuwasalimu wenyewe, na wakiambiwa warudi, warudi. Mtume, swalla Llahu alayhi wasallam, akafundisha kwamba idhini hiyo imewekwa kwa ajili ya jicho. Basi ukuta uliomzuia mtembea kwa miguu hauizuii lenzi ya mara 30 iliyopanda darini.

Hili si la kufikirika tu. Usiku mmoja wa kumi la mwisho, kijana wetu mmoja alipanda juu ya paa la msikiti kupiga picha ya mtaa. Aliporudi na kutuonyesha, katika moja ya picha alizozivuta ilionekana wazi familia ya jirani imekaa kula daku nyuma ya dirisha lenye taa, mama na mabinti vichwa wazi, kama mtu alivyo kwake. Picha ilijaa chenga, lakini nyuso zilitambulika. Kijana hakukusudia ubaya. Wako waliosema ifutwe kimya kimya, yaishe. Imamu akasema kwamba haki iliyoguswa ni ya jirani, basi ajue. Baada ya alfajiri tulikwenda pamoja na kijana, tukapiga hodi. Mwenye nyumba aliitazama picha, akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Ifute hapa mbele yangu, mwanangu." Ikafutwa. Akatukaribisha, lakini hatukukaa. Tangu siku hiyo mlango wa paa hufungwa usiku, na ufunguo huwa kwa mwadhini.

Baadhi ya wazee wetu walitaka kamera zipigwe marufuku kabisa. Tunaiheshimu rai yao, na wanazuoni wamekhitalifiana katika suala la picha. Lakini kamati iliona kwamba kumbukumbu nazo ni amana. Ranchhod Oza alipofungua Capital Art Studio hapa mjini mwaka 1930, huenda watu walidhani ni biashara tu. Leo picha za studio ile zinatuonyesha mji ambao wengi wetu hatukuuwahi. Beit al-Ajaib, iliyojengwa mwaka 1883 katika zama za Sayyid Barghash, sehemu yake kubwa iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, na watoto wanaozaliwa sasa watalijua jengo lile kwa picha. Wazee wanaokaa katika mabaraza yetu nao hawatakaa milele.

Kwa hiyo enyi wazazi, mwanao akikuomba kamera, mnunulie ukiweza, na umfundishe namna ya kuegemea nguzo na kuibana pumzi. Lakini umfundishe kwanza kutoa salamu, kuuliza, na kurudi nyuma anapoambiwa hapana bila ya kununa. Akikubaliwa, amwonyeshe mwenyewe picha kabla ya kumpelekea mtu mwingine yeyote. Mzee aliyeombwa kwa adabu hujiweka sawa, akavuta kofia yake, akatulia mwenyewe chini ya taa. Na utulivu huo hakuna kifaa kinachoweza kuutengeneza.

Mwenyezi Mungu ayajaalie macho yetu kuwa na haya, na atusitiri sisi na vizazi vyetu duniani na akhera. Amin.