Utepe wa Kaboni Juu ya Dhahabu

Masizi ya sufuria na almasi ya pete ni ndugu. Asili yao ni kaboni, na kinachowatenga ni mpango wa chembe zao. Hayo kila mwanafunzi huyajua. Mimi hustaajabia zaidi kwamba siku hizi mwanadamu aweza kuamua mpango huo bila ya kuzigusa chembe zenyewe.

Katika mwaka 2010 wataalamu wa Dübendorf, Uswisi, pamoja na wenzao wa Mainz, Ujerumani, walitangaza habari za utepe wa kaboni wenye upana wa chembe 7, yaani pungufu ya sehemu moja ya milioni ya milimita. Utepe kama huo ukikatwa katika ubale mpana, kingo zake hutoka zimechanikachanika. Na tabia yake ya umeme hutegemea upana na kingo hizo. Wa chembe 7 huuzuia umeme sana, wa chembe 5 huuzuia kidogo tu. Atakaye kuufanya swichi hana ruhusa ya kukosea hata chembe moja.

Hapo humkumbuka msusi wa ukili. Yeye hasuki kitu kipana akakikata. Idadi ya miyaa aliyoanza nayo ndiyo upana wa ukili mpaka mwisho. Vivyo hivyo wataalamu wale walianza na molekuli ndogo yenye upana uliotakiwa na chembe ya bromini katika kila ncha. Walizitandaza molekuli hizo juu ya dhahabu safi, ndani ya chombo kilichoondolewa hewa. Kwa joto la nyuzi 200 za sentigredi bromini zilibanduka, molekuli zikatambaa, zikakutana ncha kwa ncha, zikashikana kuwa mnyororo. Kwa nyuzi 400 haidrojeni za ubavuni zilitoka, pete jirani zikafungana, na mnyororo uliopindapinda ukalala bapa. Hapana mkono uliosuka.

Dhahabu ndiyo mshenga wa ndoa hii: huzikutanisha molekuli na kurahisisha kubanduka kwa bromini, wala yenyewe haipungui. Udhia wake ni kwamba haiondoki arusi ikiisha. Utepe ukibaki juu yake, umeme hupita katika dhahabu, na swichi haifanyi kazi. Sharti uhamishiwe juu ya kitu kisichopitisha umeme. Kuhama huko kumekwisha wezekana, na swichi za majaribio zimeundwa. Lakini kuzipanga tepe nyingi, kila moja mahali pake na kwa mwelekeo wake, bado kunawatoa wataalamu jasho.